Miaka yote naitwa Tomaso bila kujua maana yake, siku nilipoijua nikapata ndugu

Wakuu, poleni na mihangaiko ya wiki.

Haya ninayoandika yalinitokea mwenyewe, siyo ya kuhadithiwa. Wahusika wengine wako hai, na mmoja wao ni msomaji wa humu ndani, yeye hana mambo ya kukoment. Nimempigia kuomba ruhusa, akacheka, akasema andika tu ila usijifanye wewe ndiye staa.

Kuna mdau aliuliza humu kama haya majina ya kwenye Biblia yana maana yoyote au tunabandikwa tu. Nikaona nisimjibu kwa mstari mmoja.

Mimi ni mtoto wa Ngulyati, Bariadi. Siku hizi mnasema Simiyu, ila enzi hizo tulikuwa bado Shinyanga.

Baba yangu alikuwa katekista wa kigango chetu, na mkulima wa pamba kama wanaume wengine wote pale. Akanibatiza Tomaso. Bibi mzaa baba hakuwa na habari na mambo ya kanisa, yeye aliniita Tomasi mpaka anaingia kaburini.

Kwa msiojua, kwetu Wasukuma mapacha hawahangaikiwi majina. Anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Ukikutana na Doto sokoni unajua fika kuna Kulwa mahali. Mimi sikuwahi kuitwa hivyo hata kwa utani.

Mama yangu ana dada mmoja tu, mama mkubwa Veronika, aliolewa Shishiyu upande wa Maswa. Na mama mkubwa alikuwa na mtoto mmoja tu, Didimo.

Mimi na Didimo tulikuwa rika moja. Kila likizo lazima mmoja wetu aende kwa mwenzake. Yeye mrefu, mweusi tii, mpole, akili yake yote iko kwa ng'ombe. Mimi mfupi, maji ya kunde, na domo ndiyo hili mnaloliona. Hakuna mtu aliyewahi kusema tunafanana. Tulipendana tu, kama watoto wa mtu na dada yake wanavyopendana.

Basi ikaja ile miaka ya ruksa na soko huria.

Waliokuwepo wanakumbuka. Tulizoea pamba inanunuliwa na ushirika peke yake, ghafla wanunuzi binafsi wakamiminika na mizani zao. Mitumba ikajaa mnadani, vijana wote tukawa tunavaa mashati yenye maandishi tusiyoyaelewa.

Mimi nilikuwa nimemaliza form four, niko nyumbani. Mfanyabiashara mmoja akajenga kiwanda kipya cha kuchambua pamba nje kidogo ya mji wa Bariadi. Nikapata kazi kwa sababu moja tu: nilikuwa na Kiingereza cha kuombea maji. Akaletwa fundi mkuu wa kufunga mashine kutoka Syria, wakataka mtu wa kutafsiri kati yake na vibarua.

Siku ya kwanza akajishika kifua, akatwambia jina lake.

"Tuma."

Mzee mmoja wa pale mizani akauliza kwa heshima zote, "Tutume nini, bosi?"

Kiwanda kizima kikaangua kicheko. Yule bwana naye akacheka bila kujua anachekea nini. Nilipomweleza, akacheka upya, safari hii mpaka akakaa chini. Tangu siku ile tukawa marafiki.

Sisi tulijua ni Mwislamu, kwa kuwa kwetu Mwarabu ni Mwislamu, kwisha. Kufika mchana imeletwa sahani ya wali, jamaa akapiga ishara ya msalaba. Tukabaki tunatazamana. Kumbe kuna vijiji kwao Ukristo ni wa tangu zamani mno, na kijijini kwake wanazungumza lugha ambayo hata siyo Kiarabu, ni jamii ya ile aliyoongea Yesu mwenyewe.

Siku moja tunasubiri umeme urudi, akaniambia, "Unajua mimi na wewe tuna jina moja?"

Nikamwambia mimi Tomaso, wewe Tuma, wapi na wapi.

"Ni lilelile. Kwa lugha ya kijijini kwetu maana yake ni pacha. Mimi nilizaliwa na dada yangu siku moja, ndiyo maana nikaitwa hivi. Pacha wako anaitwa nani?"

"Mimi sina pacha."

Akashangaa. "Basi baba yako alilipenda tu. Wagiriki wao walipolitafsiri wakasema Didimo."

Wakuu, nilimwambia arudie.

"Didimo. Ni Kigiriki. Maana yake pachapacha."

Hapa niweke pembeni kidogo. Siku hizi nimelifuatilia sana hili jina mtandaoni. Waingereza ni Thomas, Waitaliano Tommaso, Wahispania Tomás, Wahungari Tamás, Warusi wamelipinda hadi likawa Foma. Wote hao wanamwita mtoto Pacha bila kujua. Tena wapo wanaosema hata yule mtume halikuwa jina lake la kuzaliwa, lilikuwa la kumtambulisha tu. Na pacha wake hakuna anayemjua alikuwa nani.

Na kanisani tulikuwa tunasomewa kabisa kwamba Tomaso aliitwa Pacha. Nilisikia kila mwaka baada ya Pasaka. Lilikuwa linaingia huku linatokea huku.

Jumamosi nikapanda baiskeli mpaka nyumbani Ngulyati. Nilimkuta mama nje anakata viazi vya michembe, anavianika juu ya jiwe.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia, mayu ndiyo mama kwa Kisukuma.

"Mwadila. Mbona kama unafukuzwa?"

Sikuzunguka. Nikamuuliza, "Mayu, Didimo ni nani yangu?"

Kisu kikasimama. Hakuniangalia. Akasema taratibu, "Nani kakwambia?"

Swali hilo ndilo lilikuwa jibu lenyewe. Nilikaa chini palepale.

Akanieleza. Yeye na dada yake walikuwa wajawazito pamoja, wote wakaenda kujifungulia kwa mama yao, kama ilivyokuwa desturi. Mama mkubwa akatangulia. Mtoto wake hakukaa, akafariki. Na hakuwa wa kwanza kumpoteza. Huko alikoolewa wakwe walishaanza kusema arudishwe kwao.

Siku chache baadaye mama akajifungua sisi wawili.

"Dada alikuwa hali, hasemi, kageukia ukutani," mama alisema. "Maziwa yamejaa, yanamuuma. Nikampelekea mmoja, nikamwambia mnyonyeshe tu leo, mimi nimechoka. Akamnyonyesha. Kesho yake akaomba uji. Siku ya kuondoka nikaenda kumchukua mwanangu. Dada hakukataa, wala hakusema neno. Alianza kumvisha ili anipe. Ng'wanone, mwanangu, mikono ikanigomea kupokea."

Waliojua walikuwa bibi mzaa mama, wao wawili na waume zao. Bibi na baba mkubwa walishafariki. Mama mkubwa aliomba kitu kimoja tu, mtoto asijue.

Baba alikuwa kwenye zizi, akaja akatukuta tumekaa chini, kisu kimewekwa kando. Akaelewa. Hata jina la Didimo alilichagua yeye, kwa kuwa ndiye katekista, nikamuuliza kwa nini alitupa majina yale kama ilikuwa siri.

Akasema, "Niliapa kwamba sitasema. Sikuapa kwamba sitawaita."

Mama akanishika mkono akaniomba nisimwambie Didimo. "Dada yangu hana mwingine. Akimkosa huyo, amekwisha." Nikakubali, lakini moyo ulikuwa unawaka. Mtu nimelala naye ngozi moja tangu mdogo, leo najua ni wa tumbo moja na mimi, halafu ninyamaze?

Kazi ilipopungua nikaenda Shishiyu. Nilijiambia nakwenda kuwasaidia kuvuna mtama.

Nilijitahidi, wakuu. Ila nilishindwa kuyazuia macho. Didimo akinawa, naangalia vidole vyake. Akicheka, natafuta meno ya baba. Wakati tunakula, mama mkubwa akaweka tonge chini.

"Tomaso, umeambiwa."

Didimo akauliza, "Kaambiwa nini?"

Yule mama alikuwa mwembamba, sauti ndogo, lakini siku ile alikaa wima kama yuko barazani. Akamwambia yote, bila kupunguza wala kujitetea. Akamaliza hivi: "Mimi sikukuzaa. Nilikunyonyesha. Sasa umekuwa mwanaume, ukitaka kwenda kwenu Ngulyati, ng'ombe ni wako, nenda nao."

Didimo akanyanyuka akatoka. Tukamwona amesimama kati ya ng'ombe, mkono juu ya mgongo wa dume mmoja. Mimi nilitamani ardhi inimeze, najiona nimevunja nyumba ya watu.

Baadaye akarudi, akasimama mlangoni.

"Mayu, nani alitangulia?"

"Wewe," mama mkubwa akasema. "Wewe ndiye Kulwa."

Akanigeukia, uso mkavu kabisa. "Doto. Lete maji ya kunawa, mkubwa wako hajashiba."

Mama mkubwa alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio. Didimo akaketi pembeni yake, akavuta sahani, akaendelea kula. Habari ya kwenda Ngulyati hakuigusa, siku ile wala baadaye. Alibaki kuwa mtoto wa Shishiyu.

Aliyekuwa ameumia kimyakimya, nikaja kugundua, ni mama yangu. Alikuja kwa dada yake baada ya mavuno, wakakumbatiana, wakapika, wakaimba. Lakini Didimo aliendelea kumwita "mama mdogo" kama zamani, nami nilikuwa naona namna anavyomeza mate kila akiitwa.

Siku ya kuondoka, Didimo akatubebea mzigo mpaka njia panda. Tukiwa tunasubiri gari, mama amekaa juu ya jiwe, akamuuliza bila kumwangalia.

"Mama mdogo, siku ile uliponiacha, ulilia?"

Mama akaninyooshea kidole mimi. Halafu akasema:

"Huyu nilikuwa nimembeba mgongoni amelala. Kilio nilikizuia nisimwamshe. Lakini maziwa nilikuwa nayo ya watu wawili, yakanimwagika njia nzima mpaka Ngulyati. Nilifika khanga imelowa kama niliyetoka mtoni."

Didimo akatua mzigo. Yule mtu asiyependa maneno akapiga magoti pale barabarani, watu wanapita, akamwekea mama kichwa mapajani.

"Wabeja, mayu," akasema, yaani asante, mama.

Gari lilikuja likapita, hakuna aliyelisimamisha.

Basi wakuu, hilo ndilo jina langu. Nilichojifunza ni kwamba mzazi anaweza kushindwa kukuambia jambo uso kwa uso, akaliweka pale ambapo utaitwa nalo kila siku, akisubiri ukue. Kama wazee wako bado wapo, waulize kwa nini walikuita jina hilo. Waulize kwa upole, jibu linaweza kuwa zito kwao kuliko kwako.

Wewe unaitwa nani, na nani alikupa hilo jina? Tiririka hapo chini, nasoma zote. Kulwa naye anasoma.