Wanataka Vyura wa Spika, wa Kidimbwini Wafukiwe

Saa kumi na mbili jioni, mtunza bustani wa ukumbi wa muziki amechuchumaa kando ya kidimbwi, gauni amelikunjia magotini, anachota majani makavu kwa chujio. Ndani ya ukumbi mazoezi ya onyesho yanaanza. Spika zilizoning'inizwa darini zinatoa sauti za vyura. Mara vyura wa kidimbwini nao wanaitika.

"Unaona? Wanajijibu wenyewe," anasema akicheka. "Hizo sauti za mle ndani ni za hawahawa."

Si utani. Mwanamuziki mwenye onyesho hilo, ambalo halina mwimbaji bali maji, upepo na wanyama tu, alirekodi hapa msimu mzima wa mvua. Mama huyu, anayeitwa na wenzake Bibi Vyura, ndiye aliyemshikia maikrofoni kwenye fimbo ndefu, miguu ndani ya tope, akikatazwa hata kukohoa.

"Nilikuwa na mafua, nikameza kikohozi changu. Leo naambiwa niwafukie."

Ndiyo, umesoma vizuri. Meneja wa ukumbi ameagiza kidimbwi kifukiwe kabla ya onyesho la Jumamosi, eti vyura wa nje wanaitika pasipotakiwa na kuwaharibia wa ndani. Bango la mlangoni limeandikwa kwa herufi kubwa: "Turudi Kwenye Asili." Asili gani, jamani, ya kuchomeka kwenye umeme?

Gazeti hili lilipomuuliza mwanamuziki, alijibu huku akikunja waya: "Inasikitisha, lakini sauti zao tayari ninazo." Alilisema hilo kwa upole, bila haya hata kidogo. Meneja naye alisema mtunza bustani yupo pale kufanya anachoambiwa.

Udongo umeshamwagwa, lori zima, nyuma ya stoo. Asipofukia, hana kazi. Ameitumikia bustani hii miaka tisa, na tangu mumewe aumie mgongo, nyumba nzima inamtegemea yeye.

"Mume wangu ananiambia, mama watoto, acha ubishi, kwani chura atatulipia kodi? Nikamwambia, hata wewe siku hizi hulipi, mbona sijakufukia?" Anacheka, kisha anafuta macho kwa mkono wa gauni. "Alinuna siku nzima. Lakini na mimi naogopa. Naogopa sana."

Alijaribu kuwahamisha. Aliwabeba kwa ndoo hadi kwenye mtaro wa nyuma ya nyumba yao. Mvua iliponyesha walianza safari ya kurudi, wakivuka barabara kuu. Asubuhi aliwakuta wamebandikwa kwenye lami na magurudumu, na wachache waliosalimika wako hapa wanaimba.

"Siku ile nilisema basi. Siwagusi tena, na hakuna atakayenilazimisha."

Anasimama, anaingia ukumbini na viatu vyake vya tope, katikati ya mazoezi. Anafungua dirisha la kwanza. La pili linagoma, analipiga kiganja hadi linakubali. Kelele za nje zinamwagika ndani, na mafundi mitambo wanavua vifaa vyao vya masikioni.

Meneja anakuja mbio. "Mama, unafanya nini?"

"Nafungua madirisha, bosi. Na Jumamosi nitakuja kuyafungua tena, wageni wakiwa wamekaa. Ukitaka kuwafukia, udongo uko nyuma ya stoo. Nenda kaanze wewe."