Gimbi la Bluu la Shangazi

Harufu ya sabuni ya mche kwenye kitambaa kibichi bado hunifanya nigeuke kutazama mlangoni.

Katikati ya miaka ya tisini nilitolewa kijijini Kisawasawa kwenda kuishi kwa shangazi yangu, mtaa wa Mlabani, Ifakara. Nyuma ya bafu lake la matete, kwenye kivuli cha migomba, alikuwa na gimbi la mapambo ndani ya debe. Majani yake yalikuwa makubwa kuliko ungo, ya bluu kama moshi wa kuni asubuhi. Jua halikulifikia; gimbi lilikunywa maji yetu ya kuoga. Jumuiya yetu ya kanisani ilikuwa imelichagua likapambe altare Jumapili ya Ekaristi, na shangazi, ambaye hakuwa mtu wa kujisifu, wiki ile alitembea polepole kidogo barabarani.

Mimi sikutulia. Jirani yetu, Mama Kalisti, alikuwa amesema nikisikia: "Mtoto wa kuletewa huyo, ataharibu kitu tu, utamrudisha." Kila nilichoshika nilikishika kwa mikono miwili.

Jumamosi shangazi alikwenda sokoni. Nikaona majani yana vumbi jeupe. Nikayasugua kwa kitambaa chenye sabuni ya mche, moja baada ya jingine, kama nilivyofundishwa kusugua sufuria. Yalipokauka, bluu haikuwepo. Vumbi lile ndilo lililokuwa bluu yenyewe. Lilibaki gimbi la kijani, kama yale ya kula ya mabondeni Katindiuka. Nikafunga nguo zangu kwenye khanga, nikakaa juu yake.

Shangazi alirudi na wanawake waliokuja kulibeba.

"Mbona hili la kuchemsha na kunywea chai?" Mama Kalisti akauliza, akinitazama. "Nani kaliogesha?"

Shangazi alilitazama gimbi, kisha mikono yangu iliyokunjamana kwa maji.

"Mimi. Nilitaka ling'ae."

"Wewe, mtu mzima?"

"Mtu mzima haogeshi? Shika huku, debe zito."

Walicheka njia nzima. Jioni alifungua khanga yangu na kuzitundika nguo kwenye misumari.

Tangu hapo mtaa ulimwita Mama Sabuni. Hata mimi nililicheka jina hilo, nikidhani analipenda. Leo ninalea mtoto wa ndugu yangu, na ndipo ninapojua kwamba Jumapili ile ilikuwa sifa pekee ambayo mtaa uliwahi kumwandalia shangazi. Aliiacha ipite ili mimi niendelee kulala pale pale.