Kama ni Udongo Tu

Nilipokuwa mtoto pale Akheri, miaka ile maduka yalipoanza tena kujaa sabuni na mitumba, karabai la kanisa letu liliibwa. Lilikuwa hilo hilo moja. Mchungaji alifika kwa nadra, kwa hiyo kondoo tuliachiwa mwinjilisti, kijana mpole mwenye mke mjamzito. Akahubiri tuungame. Tuliimba vizuri sana, kuungama hatukuungama.

Ndipo wazee wakaanza kunong'ona: kivunjwe chungu. Kwetu chungu kikivunjwa kwa laana, mwizi hafi peke yake, huondoka na uzao wake. Majirani wakaacha hata kuombana moto. Kila mtu alimtazama mwenzake kama anayemhesabia watoto.

Mwinjilisti akaja juu. "Huo ni upagani! Chungu ni udongo tu!"

Bibi yangu, aliyenilea, aliyasikia hayo. Jumapili, ibada ilipokwisha, tukamwona anakuja na chungu cheusi kichwani. Akakitua mlangoni pa kanisa.

"Shikamoo, bibi," mwinjilisti akasema, macho kwenye chungu.

"Marahaba, mwanangu. Eti ni udongo tu?"

"Udongo tu, bibi."

"Basi kivunje wewe. Sisi wapagani tunaogopa."

Watu wakaangua kicheko. Mkewe, aliyekaa kwenye nyasi na miguu yake imevimba, alicheka kuliko wote. Mwinjilisti akakiinua chungu juu. Akamtazama mkewe, akalitazama lile tumbo. Kicheko kikafa. Akakishusha polepole, kama anayelaza mtoto.

Bibi akajitwisha chungu chake. "Twende, maharage hayajipiki."

Njiani nikamwuliza kama kweli kingeua.

"Hiki? Hiki cha maharage! Cha laana wanacho wazee wa ukoo, hata sijui kinafananaje."

Jumapili iliyofuata karabai lilikuwa kwenye msumari wake, limesuguliwa mpaka linang'aa. Mtoto akazaliwa salama, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mlima. Mwinjilisti akaendelea kutuhubiria miaka mingi. Chungu hakukitukana tena, na sisi mwizi hatukumtaja. Nadhani siku ile ya chungu ndiyo aliyoungama mwinjilisti wetu, ila hakutumia mdomo.

Wajukuu zangu hapa Moshono wanasema tulikuwa washamba. Chungu kile cha bibi ninacho bado. Huwaambia, haya wasomi, kivunjeni. Wanacheka, lakini sijaona aliyenyoosha mkono. Nami nikikiosha, nakishika kwa mikono miwili.