Fungu la Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa kiume alipofikia umri wa kuhesabiwa nguvukazi, alitakiwa kwenye shamba la kijiji kama vijana wengine wote wa kwetu Kibuta. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa mama na baba. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la tano, nikamlea yeye na wadogo zetu wawili wa kike.

Alizaliwa na ugonjwa wa damu. Hospitalini Kibaha walituambia hauponi, unakuja na kwenda. Ukija, hasa masika baridi ikiingia, mifupa ilimuuma hata kanga ikimgusa analia. Ukienda, utamkuta juu ya mkorosho anataniana na wenzake.

Utaratibu wa kijiji ulikuwa kwamba asiyelima hapati fungu la mavuno, isipokuwa mzee au mgonjwa aliyekubaliwa na kamati. Bila fungu lake tusingefika msimu mwingine. Nikaenda kumwombea.

Kamati ikakaa siku ya jua, naye mzima kabisa. Katibu akamtazama kuanzia miguuni, akauliza mgonjwa gani huyu mwenye kifua cha mpagazi. Watu wakacheka. Barua ya daktari waliisoma, wakanirudishia. Njiani jirani akanishauri safari nyingine nimpe fimbo aingie akichechemea. Mdogo wangu akasema bora akalime afie shambani. Nami sikutaka aigize maradhi aliyokuwa nayo kweli.

Nikamfikiria balozi wetu wa nyumba kumi, mzee asiyependa maneno mengi. Neno lake kamati isingelirudisha. Masika yalipoanza na maumivu yakarudi, nikabisha hodi kwake asubuhi.

“Shikamoo mzee. Naomba uje umwone.”

Alikuja, akamwona, akaondoka. Maumivu yaliporudi, nikamrudia. Nilimfuata anakunywa uji, nikamfuata anapalilia mihogo. Aliniambia nimemganda kama kupe, lakini akatia jembe begani akaja. Siku moja nilimwomba amshike miguu ili niende kuchemsha maji ya kumkanda. Niliporudi nilimkuta bado ameishika, uso ameugeuzia ukutani.

Kamati ilipokaa tena, jua lilikuwa limerudi na mdogo wangu mzima. Katibu akaanza utani wake. Balozi akasimama.

“Katibu, wewe unamwona akiwa mzima. Mimi nimemshika akiwa anaumwa. Kama huamini, masika yajayo huyu binti atabisha hodi kwako. Na nakuonya, hachoki.”

Walicheka, ila safari hii hawakutucheka sisi. Mwenyekiti akakubali apewe fungu. Mdogo wangu akaomba kusema: siku akiwa mzima, naye aitwe shambani. Wakakubali na hilo.

Siku ya kugawa mahindi tulikwenda wote wawili. Gunia letu lilipoitwa, nikaona watu wanamtazama yeye, mabega yale, na wengine wanaguna. Nikainama haraka nilibebe mwenyewe. Akanishika mkono.

“Dada, nibebe, au niugue kwanza?”

Balozi alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Nilimsikia anacheka bila kugeuka.

“Beba,” nikamwambia.

Akalitupia begani, tukapita katikati yao.