Nilivyowapangia wazee wangu likizo ya mlimani, wakaenda na wajukuu saba

Wakuu, salaam kwenu. Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo naweka uzi wangu wa kwanza. Sitatia chumvi. Nilipokosa mimi nitasema nimekosa mimi, na ni pengi.

Kwetu ni Mji Mkongwe, Unguja. Wazee bado wanakaa ghorofani Malindi, sisi watoto wanne tumeshahama, kila mtu na kwake. Mimi ndiye wa kwanza, mwanamke, na ndiye "mwenye mipango" wa familia. Harusi, hitma, kuhamisha makochi, wote wananipigia mimi.

Mama ni mwalimu mstaafu. Kafundisha jiografia miaka thelathini. Aliyesoma kwake anaikumbuka ile milima aliyokuwa akiichora ubaoni kwa chaki za rangi, na mawingu yakipita katikati.

Mlima wenyewe hajawahi kuuona.

Nyinyi wa bara mtacheka, lakini kisiwa chetu ni tambarare. Ukipanda ngazi za nyumba ya Malindi ndio umefika kileleni.

Alipostaafu tulimuuliza anataka zawadi gani. Hakufikiri hata kidogo.

"Nnataka nende pahala penye mlima, nisimame juu nitazame chini. Mara moja tu, nijue nlikuwa nafundisha kitu gani."

Baba akasema na yeye atakwenda, atambebea kiti. Huyo Baba mwenyewe magoti yake hayafai, lakini alisema.

Tukapiga danadana miaka. Mwaka jana, likizo ya katikati ya mwaka, nikasema sasa basi, wanakwenda. Lushoto, siku tatu. Boti hadi Dar, kisha Noah ya kukodi na dereva tunayemwamini. Wangekwenda wao wawili na wajukuu wawili wakubwa, binti yangu na wa mdogo wangu, maana Mama alitaka na wao waone.

Nikamnunulia sweta Darajani, zito, la zambarau. Alilijaribu mchana wa joto mbele ya kioo, jasho linamtiririka, na akakataa kulivua. Alicheka peke yake kama msichana.

Kosa langu la kwanza: niliandika kwenye group la WhatsApp la familia.

Haikupita saa, mdogo wangu akauliza kama na wale wake wengine wawili wataweza kwenda, maana watalia wakisikia wenzao wanakwenda. Kaka anayenifuata akasema wake mmoja tu, mtoto mmoja hana uzito. Yule wa mwisho akaongeza wake mmoja. Na mimi, kwa nini niseme uongo, nikaona kama ni hivyo basi na mwanangu mdogo wa kiume aende, wa miaka mitatu.

Wakawa saba.

Mnajua kwetu jinsi ilivyo. Ukimkataa mtoto wa ndugu yako, umemkataa ndugu yako. Utakuja kusemwa mpaka Idi ya mwakani. Kwa hiyo nikawa najibu "sawa" kila ujumbe, na emoji juu.

Kumuuliza Mama nilimuuliza. Lakini nilimuuliza Ijumaa, chakula cha mchana, watu wote tumekaa mkekani, na huyo wa miaka mitatu yuko mapajani kwake.

"Waje tu," akasema. "Mjukuu hakataliwi."

Wakuu, hakuna bibi Unguja nzima atakayejibu vingine na mtoto yuko mapajani. Huko si kuuliza. Na mimi nilijua.

Noah ikabadilishwa kuwa Hiace. Tulizungumza siku mbili kuhusu siti, nani atakaa dirishani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni mtu mzima gani atakwenda kusaidia kulea. Kila mtu alikuwa na kazi.

Sasa hapa ndipo penye aibu.

Walipoondoka, nyumba ikawa kimya. Mume wangu akasema na sisi tupumzike basi, tukaenda Kiwengwa hotelini, usiku mbili. Asubuhi nimesimama kwenye foleni ya mayai, nikageuka, nani nyuma yangu? Kaka na mkewe. Wamebeba sahani. Tuliangaliana, tukacheka, tukakaa meza moja.

Mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi. Na mzigo wenyewe ni sisi tuliomtwisha Mama.

Siku hiyo, ya pili ya safari yao, nikapiga video call, nimelala kwenye kiti cha ufukweni. Nyuma ya Mama chumba kizima kimetandazwa nguo za watoto, kwenye viti, kwenye vichwa vya vitanda. Aliniambia huko nguo hazikauki. Kuna ukungu, alizofua jana walipofika bado mbichi. Kwetu ukianika saa mbili, saa nne unaanua.

Nikamuuliza wameshakwenda kule Irente, ukingoni mwa mlima, wanaposimama watu kutazama chini. Akasema watoto wamekwenda na dereva.

Nikasema vizuri. Halafu nikageuza simu ili aone bahari.

Bahari, wakuu. Mtu wa Malindi namuonyesha bahari.

Yaliyotokea alinisimulia binti yangu baadaye. Kwenye kona za kupanda mlima kutoka Mombo watoto wanne walitapika, na mwanangu mdogo akafika na homa. Siku ile ya pili ukungu ulifunguka saa nne. Hiace iko mlangoni, watoto wamo ndani, Mama kashika sweta mkononi, anataka kupanda. Yule mwanangu mdogo akamtapikia begani.

Mama akaliweka sweta kwenye kiti, akamwambia dereva awapeleke wengine. Baba akabaki naye. Siku ya tatu ukungu haukufunguka, na ratiba yangu ilisema waondoke saa mbili.

Watoto walirudi na furaha. Picha chungu nzima, wamesimama ukingoni, bonde liko chini mbali. Mama hayumo hata moja. Binti yangu alisema alimuonyesha Bibi ile nzuri kuliko zote. Bibi akaitazama sana, akasema mawingu alikuwa akiyachora juu mno, akamrudishia simu.

Nilikwenda Malindi baada ya Laasiri kuwapa pole na uchovu. Baba yuko kwenye kochi na magoti yake. Hajawahi kunifokea tangu niolewe, na siku hiyo hakunifokea pia.

"Mara nyingine mkitaka yaya," akasema, "semeni mnataka yaya."

Mama akamwambia nyamaza. Akaingia chumbani, akatoka na sweta. Limekunjwa vizuri, kikaratasi cha bei cha dukani bado kimeshikiliwa na pini. Nikamuuliza mbona hukulivaa hata kwa baridi. Akasema alikuwa na kazi, hakusikia baridi.

Akaniwekea mikononi.

"Hili kampe mtu anokwenda kutembea."

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nimeshamwambia watakwenda tena, wao wawili peke yao, mimi nitabaki na watoto wote. Kila nikilianza ananiuliza wajukuu wamekula nini.

Somo langu ni hili: ukitaka kumpa mzee mapumziko, muulize akiwa peke yake, na mikono yake iwe mitupu. Na usijifanye unawapa wajukuu wakati wa kukaa na bibi yao ikiwa wewe ndiye unayetafuta nafasi.

Mniseme, nimekuja nisemwe. Na kama kuna aliyewahi kumvunja moyo mzee wake hivi akapata njia ya kumrudisha, aniandikie hapa chini.

Sweta liko kabatini kwangu. Kisiwa chote hiki, na joto hili, sina wa kumpa.