Tope la Josho

Basili alimwona Marieta kwa mara ya kwanza mwaka wa mvua za El Nino, asubuhi ya kuogesha ng'ombe, kwenye josho la kijiji chao chini ya Endasak. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa zege, kanga ameifunga kiunoni, ameshika mti mrefu wenye panda. Kila ng'ombe alipojitupa kwenye dawa, alimkandamiza kichwa kwa ile panda mpaka masikio yazame, maana kupe hupenda kujificha humo. Basili alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mwoga hata wa kuuliza bei sokoni. Akapitisha ng'ombe wake bila kusema neno.

"Wewe wa ng'ombe saba," Marieta akamwita, "kwenu salamu mmezifungia ghalani?"

Watu wakacheka. Basili akasema shikamoo, ikaishia kooni.

Marieta alizaliwa Bashay, upande wa Mbulu, akaolewa huku na Bura, aliyekuwa mhudumu wa josho. Bura alipofariki, wanaume walikaa vikao vitatu wakitafuta wa kushika kazi yake, na kila aliyetajwa alikuwa na sababu ya kukataa. Ng'ombe wakazidi kujaa kupe. Siku moja Marieta alichukua ule mti wa marehemu akaenda kusimama ukingoni. Hakuna aliyemchagua, ila hakuna aliyethubutu kumwondoa pia. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, akichanganya dawa kwa mikono mitupu, mpaka josho lilipopasuka likaachwa. Viganja vyake viliota vijinundu vigumu kama punje za mahindi, na alizoea kuvikuna kwenye nguzo ya mlango huku anaongea.

Mwaka ule ule wa El Nino josho lilitolewa tope. Lilikuwa tope la miaka mingi, tangu dawa za zamani ambazo hata Bura hakuzijua majina. Wakalirundika mbali nalo, kwenye mteremko unaoshuka bondeni. Wenyeji walikuwa wamegundua kitu: ukuta uliokandikwa kwa tope la josho, mchwa hawaugusi. Kwa hiyo kila aliyejenga alikwenda kwa Marieta kuomba, naye aligawa bure. Basili alikuwa anajenga. Alibeba mikokoteni sita ya punda, akalikanyaga tope kwa miguu, akakandika kuta zote nne. Akamwoa Judica, wakalea watoto wanne ndani ya kuta hizo, na kweli mchwa hawakuonekana.

Miaka ikapita, rundo likaota majani, likasahaulika. Kisima kirefu kilichimbwa bondeni, chini kidogo ya pale, na Basili akapewa kazi ya kuendesha pampu, kwa kuwa hakuwahi kugombana na mtu.

Mwaka jana maji ya kisima hicho yalipimwa yakakutwa na aseniki, sumu isiyo na rangi wala harufu, iliyokuwa kwenye dawa za zamani za josho. Likaja tangazo kwamba maji yale ni ya kufulia tu. Lakini kisima kingine kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, na Basili, aliyewasha pampu kila asubuhi, aliona ndoo zikienda moja kwa moja jikoni. Alianza kukosa hamu ya kula.

Mtaalamu wa mradi wa maji aliyetumwa kusafisha sumu hiyo aliitwa Yonas. Alikusanya watu kwenye darasa la shule akaandika ubaoni njia tatu. Ya kwanza, kulifunika josho la zamani na udongo unaolizunguka kwa udongo wa mfinyanzi na zege, ili mvua isipenye ikabeba sumu kwenda chini. Ya pili, kuchimba udongo mbovu wote na kuuhamishia kwenye shimo lililojengewa. Ya tatu, kuvuta maji na kuyapitisha kwenye chujio la mchanga wenye chuma, linaloshika aseniki, ila chujio linataka kubadilishwa miaka yote. Mradi ungeweza kulipia kufunika peke yake, au kuchimba eneo dogo pamoja na chujio. Akasema kila njia ina mahali pake, na jambo la kwanza ni kujua sumu iko wapi. Yeye alikuwa amepima pembeni mwa josho tu, ndiko alikoelekezwa.

Watu wote wenye mvi mle darasani walitazama miguu yao. Kisha mmoja baada ya mwingine wakasema kufunika ndiko kuzuri. Basili alijua kwa nini. Kufunika josho hakumleti mtu nyumbani kwako kuuliza ukuta wako umekandikwa kwa kitu gani. Naye akainama kama wenzake. Yonas akasema atarudi Ijumaa kuchukua uamuzi.

Siku mbili Basili alizunguka na jambo hilo tumboni. Lile rundo lilikuwa juu ya kisima, josho likiwa mbali upande wa pili. Wakifunika josho, fedha zitaisha na maji yatabaki vilevile. Siku ya tatu akaenda kwa Marieta. Mama huyo sasa alikuwa na miaka sabini na sita, anaishi na mkwewe Fransiska na wajukuu. Basili alimwamkia, akakaa, akazungumzia maharage, akazungumzia mvua, mpaka Marieta akachoka.

"Umekuja kwa ajili ya lile rundo," alisema. "Nimewangoja tangu walipopima. Nikadhani atakuja mwanaume mwenye mdomo."

Basili alimweleza njia zote tatu kadiri alivyokumbuka. Mama alisikiliza huku akikuna kiganja. Akauliza wajukuu wake wanakunywa maji gani, kana kwamba hakujua. Kisha akasema Ijumaa ampitie na pikipiki.

Ijumaa Marieta alisimama mbele ya ubao, ameshikilia meza. Akasema tope halikubaki joshoni, alilirundika yeye mteremkoni, na lingine akaligawa watu wakakandikia nyumba. Qamara, mwenye nyumba kubwa kuliko zote, akacheka kidogo.

"Bibi, umri huo," alisema. "Tope lile lilikwenda na mvua. Unachanganya na mbolea."

"Qamara, wewe ulichukua mikokoteni tisa na ukataka na wa kumi."

Wachache walicheka, lakini hakuna aliyemuunga mkono. Yonas aliangalia huku na huku, kalamu mkononi, akauliza kama yupo mwingine anayekumbuka. Marieta hakumtazama Basili. Hilo ndilo lililomwinua. Akashika dawati la mbele.

"Mimi nilibeba sita," alisema. "Tope hilo liko ukutani kwangu mpaka leo. Rundo naweza kukuonyesha."

Akaketi. Jasho lilikuwa limelowesha shati lote mgongoni. Nyuma yake sauti ikasema minne. Nyingine, miwili.

Jioni ile Yonas alichoma chuma chake cha kupimia udongo ardhini pale mteremkoni, akatoa udongo mweusi wenye harufu ambayo Basili aliitambua mara moja. Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. Njia ya kwanza ikafutwa. Wangechimba rundo na kuweka chujio kisimani, na josho lingezungushiwa uzio tu mpaka zipatikane fedha nyingine. Nyumba nazo zingepimwa, kwa zamu ambayo haikutajwa tarehe. Qamara hakumsalimia tena Basili. Judica alianza kulaza watoto wa binti yao jikoni, kibanda kisichokandikwa kwa tope lile, na hakueleza sababu.

Kabla mashine hazijafika, Marieta aliugua, na mwanawe akaja na gari kumpeleka hospitali Katesh. Basili aliwahi, akamkuta ameshaketi kiti cha mbele, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni. Akasema shikamoo mama, safari hii ikasikika. Aliitikia, kisha akamvuta mkono dirishani kwa kile kiganja kigumu.

"Kuta zako usizibandue mwenyewe, Basili. Na yeyote akikuomba lile tope alipeleke shambani, mnyime."