Sanduku la Spana Kutoka Hagadera

Mume wangu alikuwa akiweka spana zake kwenye sufuria zangu. Sitii chumvi. Nilikuwa nikifunua sufuria ya wali nakuta bisibisi zimelala humo zinanuka grisi, na akiulizwa anajibu kwa utulivu kwamba sufuria ile ina kifuniko kinachokaza vizuri. Gereji yake ni kibanda cha mabati kando ya lango letu hapa Garissa, anapotengeneza jenereta za majirani na magari yaliyochoka, na kibanda hicho hakizuii kitu. Vumbi linaingia, mbuzi wanaingia, watoto wa mtaa mzima wanaingia. Kwa hiyo vifaa vya maana vilihamia jikoni, kwangu.

Nilivumilia mpaka asubuhi moja nilipouma nati ndani ya anjera, chapati yetu ya maji. Nikaitema mezani mbele yake, nikamwambia tunatafuta sanduku la vifaa, tena wiki hii hii.

Tulianzia dukani, mjini. Palikuwa na moja jekundu, la droo nyingi na magurudumu, zuri la kutamanisha. Mume wangu alivuta droo moja, akaisukuma, akaivuta tena, akasikiliza inavyoteleza. Mwenye duka alipotaja bei, aliirudisha taratibu kabisa, utadhani ndani amelala mtoto. Kwa pesa zile tungelisha watu harusini. Na magurudumu yale yangezunguka wapi kwenye mchanga wetu, sijui.

Tukajaribu sanduku la bati, la watoto wa shule za bweni. Alilijaza spana, akaliinua, na sehemu ya chini ikabaki pale pale sakafuni. La mbao sikutaka hata kulisikia, kwa sababu mchwa wa hapa hawana adabu. Fundi wa kuchomelea vyuma alikubali kutuundia moja, ila alitaka malipo ya lango zima, na lingekuwa zito kama lango vilevile.

Ndipo dada yangu mkubwa, aliyeolewa na mfanyabiashara wa Hagadera, akaniambia kwenye simu kwamba soko la kambi ya wakimbizi ya huko lina vyuma vya kila aina, na kwa bei ya watu wa kawaida. "Lakini mje wote wawili," alisema. "Sanduku la fundi halichaguliwi na mtu mwingine."

Hagadera ni nje ya mji, na njia nzima ina vizuizi.

Miaka ya nyuma mume wangu alikuwa dereva wa lori la mifugo. Siku moja alishushwa kwenye kizuizi cha barabarani kwa sababu ya mzigo wa mtu mwingine, akapelekwa nisikokujua. Aliporudi, wiki nyingi baadaye, alikuwa amekonda mpaka shati linamvaa yeye. Aliweka funguo za lori mezani na hakuzishika tena. Hakunieleza kilichompata, nami sikumchimba. Nilichojua ni kwamba gari likisimama ghafla nje ya lango, mikono yake huanza kutetemeka, naye huikalia ili nisiione. Tangu siku hizo hakutoka nje ya mji. Kwenye harusi na misiba ya mbali nilikwenda mimi, nikamtolea udhuru wa mgongo.

Nilingoja aseme kwamba mgongo unamuuma. Akasema tutaondoka Jumamosi, kwa kuwa sanduku lolote lazima alijaribu na ile spana yake ndefu ya magurudumu. Akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka chini ya kitanda, akalala. Mimi sikulala. Niliwaza kwamba nati moja ya kipuuzi itamrudisha mume wangu barabarani, na kwamba safari hii akishushwa hatarudi.

Kwenda hakukuwa na tatizo. Kwenye vizuizi tulishuka, tukaonyesha vitambulisho, tukapanda. Alikaa dirishani akiangalia nje, mikono chini ya mapaja.

Soko la Hagadera lilikuwa limejaa, mikokoteni ya punda inapenya katikati ya watu. Dada yangu alitupeleka moja kwa moja kwa muuza vyuma chakavu, kijana mwenye ndevu za hina na maneno mengi. Alituonyesha mapipa yaliyokatwa, makabati ya ofisi yasiyo na milango, kisha akavuta sanduku moja kutoka chini ya turubai. Lilikuwa la chuma, refu, la kijani kilichofifia, lenye mpira kuzunguka kifuniko na komeo mbili mbele.

Mume wangu alipiga magoti. Akaifungua spana yake kwenye kitambaa, akailaza ndani, ikaenea na nafasi ikabaki. Akafunga komeo zote mbili, akachota mchanga kwa viganja akaumwaga juu ya kifuniko, akaupangusa, akafungua tena. Ndani hamkuwa na chembe. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka namna ile tangu siku za lori.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili, na ubavuni mwa sanduku niliziona herufi na namba za manjano. Hakuna mtu mzima wa huku asiyezijua. Sanduku lile lilikuwa la risasi.

Nilimvuta muuzaji kando. "Hili lilikuwa la nini?"

"Eddo," akaniambia, kwa heshima ya shangazi, "lilikuwa la grisi."

"Usinidanganye."

Akatazama chini. "Sasa ni la spana, eddo. Mtu akiweka spana, ni la spana."

Nilimtazama mume wangu pale chini, akipima komeo kwa kidole gumba. Ningesema neno moja, angesimama, angekunja kitambaa chake, na kicheko kile kisingerudi. Nisiposema, tungepanda basi tukiwa na sanduku la risasi mpaka Garissa, na vizuizi vyote vikiwa mbele yetu. Nilijiona mjinga kwa kusitasita, lakini nilisitasita. Mwishowe nikasema kwa sauti kwamba kijani kinaniudhi, mimi nataka la bluu, rangi ya lango letu.

"Bluu ni nzuri," mume wangu akajibu upesi. "Lipulizwe bluu."

Muuzaji alikuwa na kopo la rangi ya kupuliza, akalimaliza lote palepale juani. Herufi za manjano zikazama. Tulilipa bei ambayo hata mimi, ninayebishania hadi nyanya, sikuibishania. Dada yangu akajaza ndani pakiti za tambi na tende, akailaza spana ndefu juu yake, tukaenda stendi.

Basi liliondoka rangi ikiwa bado mbichi. Mume wangu alikataa sanduku lipandishwe juu ya basi, akalisimamisha kwenye njia, kati ya viti, na kila aliyepita alikunja nguo zake. Harufu ya rangi ilijaa humo.

Barabara ile ina mambo yake. Dereva akiona udongo uliofukuliwa upya, panapoweza kuwa pamefukiwa bomu, hupita pembeni kabisa, kwenye vichaka, na abiria wote hunyamaza mpaka matairi yarudi njiani. Siku hiyo alipita pembeni mara kadhaa. Mama aliyekaa karibu nami alikuwa akivuta tasbihi, akanigawia maji yake ya chupa, tukanywa kwa zamu. Mimi niliomba dua moja tu, kwamba askari wasiliguse sanduku.

Kwenye kizuizi tuliamriwa kushuka, wanaume upande huu, wanawake upande ule, vitambulisho mkononi. Askari mmoja, mdogo kwa umri kuliko mwanangu wa kwanza, akapanda kukagua mizigo. Nilimhesabia viti kwa macho kupitia madirishani. Akafika katikati, akainama. Aliposhuka alikuwa ameinua mkono wake wa kulia, na vidole vyote vilikuwa vya bluu.

Alimwonyesha mkubwa wake. Rangi mbichi juu ya chuma ilimtosha kushuku bomu. Alipuliza filimbi, nasi tukasukumwa nyuma, mbali na basi, tukachuchumaa. Wao wakaingia nyuma ya magunia ya mchanga.

"Sanduku ya bluu ni ya nani?"

Mama wa tasbihi alinitazama mara moja, kisha akatazama miguu yake. Nikamtafuta mume wangu kwenye mstari wa wanaume. Mikono yake ilikuwa inatetemeka waziwazi, na pale hakuwa na kiti cha kuikalia. Niliamua kusema ni langu. Wallahi niliamua. Nilifungua mdomo, nikachelewa.

Yeye akasimama.

"Yangu, afande," alisema kwa Kiswahili chake cha barabarani, ambacho kila "p" hugeuka "b". "Ni sanduku ya risasi, ile ya zamani. Mimi nanunua Hagadera, ya kuweka sbana. Rangi tumeweka leo."

"Kwa hivyo ulijua ni ya risasi, ukaipaka rangi?"

"Ndio, afande. Niliogoba."

"Uliogopa nini?"

"Wewe, afande."

Hakuna aliyecheka. Kumbe mume wangu alijua. Alizijua herufi zile tangu sokoni, akapiga magoti mbele ya sanduku akacheka, akataka rangi upesi ili mimi nisizione. Na mimi nilitaka rangi ili yeye asizione. Tulikuwa tumefichana kitu kimoja, na kule kuficha ndiko kulikotuchuchumaza pale.

Mkubwa wa askari akamwamuru alitoe sanduku mwenyewe, peke yake, aliweke mbali na watu, alifungue. "Kila kitu unafanya, sema kwanza kwa sauti. Nikiona mkono unaenda mahali hujasema, unajua."

Akapanda ndani ya basi. Akashuka amelikumbatia, rangi ikimpaka kifuani.

"Naweka chini," alisema. Akaliweka.

Yule askari mdogo alikuwa amelenga bunduki, na midomo yake ilikuwa ikitetemeka kama mikono ya mume wangu. Nilimwonea huruma, na kwa sababu hiyo hiyo nikamwogopa zaidi.

"Nafungua ya kwanza." Komeo ikalia.

Hapo kilinijia kitu ambacho mpaka leo nakionea haya. Tambi zile zilipangwa mbele ya macho yangu mwenyewe. Nilijua kilichomo. Lakini nikaamini kabisa kwamba litalipuka, kwamba yule kijana wa ndevu za hina alificha kitu chini, kwamba hii ndiyo mara ya mwisho namwona baba wa wanangu amesimama. Nikafumba macho.

"Nafungua ya bili."

Nikasikia komeo ya pili.

"Nainua."

Nilingoja. Kilichofuata ni sauti ya spana ikigonga chuma, na pakiti za tambi zikianguka mchangani. Nilipofumbua macho alikuwa ameinua spana juu kwa mikono yote miwili ili waione vizuri.

Mkubwa alikuja, akachungulia, akapekua chini kwa mguu. Akachukua tende moja, akaila. "Mzee," alisema, "siku nyingine acha na rangi yake. Hii rangi ndiyo imetusumbua. Nendeni."

Abiria walipanda bila kutuangalia. Mama wa tasbihi alichukua chupa yake akahamia viti vya nyuma. Mume wangu akaketi nami, sanduku mapajani, tambi zimejaa mchanga.

"Ulijua," nilimwambia.

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeogopa."

Nilikasirika kiasi kwamba sikumsemesha mpaka tulipovuka geti letu. Nilikasirika kwa sababu alikuwa hai, na kwa sababu mikono yake, yenye rangi ya bluu hadi kwenye viwiko, ilikuwa imetulia, na yangu ndiyo ilikataa kutulia.

Sanduku liko gerejini sasa. Ni zuri, siwezi kulisingizia. Vumbi haliingii, mbuzi limewashinda, na hakuna nati tena kwenye chakula changu. Majirani wameulizia lilikopatikana, naye huwaambia sokoni, basi.

Lakini kila asubuhi nikiwa jikoni nakanda unga, namsikia mume wangu anasimama mbele ya sanduku. Yuko peke yake, hakuna anayemwangalia isipokuwa kuku. Anasema, kwa sauti ya kutosha mtu aliye mbali kusikia, "Nafungua ya kwanza." Kisha, "Nafungua ya bili." Kisha, "Nainua." Mikono yangu inasimama ndani ya unga mpaka nisikie spana zikigongana, ndipo naendelea kukanda. Sijamuuliza. Sijui kama anasema ili mimi nisiogope, au kama bado anamwambia yule askari.